Mkandarasi, kodi ya zuio waliyokukata ni pesa yako: idai kwa karatasi

Mteja mpya akiingia ofisini kwangu, jambo la kwanza ninalomuuliza ni wapi viko vyeti vyake vya kodi ya zuio, yaani kodi ambayo anayemlipa humkata kabla ya kumpa pesa yake. Nashika hesabu za makandarasi wadogo na mafundi wanaochukua kazi chini yao hapa Mwanza, na wengi swali hilo linawashtua. Mkataba wanao, BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei) wanayo, picha za jengo tangu msingi mpaka kenchi zimejaa kwenye simu. Vyeti hawana.

Fundi mmoja wa plasta na rangi kutoka Buswelu alinijibu, "Dada, hiyo hela walishakata, imeshaenda serikalini. Nitaifuata vipi tena?"

Nikamwambia, "Imeenda kwa jina lako, kaka. Hiyo ni kodi yako umeilipa mapema." Akavuta kiti karibu, tukaanza hesabu.

Anayekulipa, iwe halmashauri, taasisi au mkandarasi mkuu, anatakiwa kuzuia asilimia 5 ya malipo ya huduma na kuipeleka TRA (Mamlaka ya Mapato) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kwa kazi ya ujenzi yenye vifaa, sheria inagawa malipo kwa uwiano wa 3 kwa 2, yaani sehemu tatu ni vifaa na sehemu mbili ni huduma, na zuio linakatwa kwenye zile sehemu mbili tu. Tuseme hati yako ya malipo ni Sh 50,000,000 kabla ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Vifaa vinahesabiwa Sh 30,000,000, huduma Sh 20,000,000, kwa hiyo unakatwa Sh 1,000,000. Nimeshaona mteja akikatwa asilimia 5 ya milioni 50 nzima, Sh 2,500,000, na akasaini bila kuuliza. Milioni moja na nusu ni posho ya mafundi na saidia fundi wengi. Piga hesabu mwenyewe kwenye simu kabla kalamu haijagusa karatasi, na ukiona haiendi, omba kwa heshima muipitie pamoja.

Kama umechukua nguvu kazi peke yake, vifaa vya kutenganisha hakuna, na asilimia 5 inahesabiwa kwenye malipo yote. Liweke hilo kwenye bei siku ya kupatana. Siku ya kulipwa umeshachelewa.

Sasa mwisho wa mwaka. Ikiwa kampuni yako imepata faida ya Sh 4,000,000 kwenye kazi ile, kodi ya asilimia 30 ni Sh 1,200,000. Ukiwa na cheti cha ile milioni moja iliyozuiwa, unamalizia Sh 200,000. Ukikosa cheti utahangaika kuthibitisha kwamba ulikatwa, na huenda ukajikuta unalipa upya. Ndiyo maana nawasisitiza wateja wangu waombe cheti mwezi ule ule wa malipo, wakague TIN (namba ya mlipakodi) tarakimu kwa tarakimu na kiasi kilichoandikwa. Kazi ikiisha na kontena la ofisi likishabebwa saiti, mhasibu wa mkandarasi mkuu utampata wapi? Kama imefika huko, andika barua kwa aliyekulipa, taja namba ya mkataba, tarehe na kiasi cha malipo, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Na wewe ukimpa mwenzako kazi ndogo, ya umeme au mabomba, wajibu ni ule ule. Mkatie, peleka TRA, mpe cheti chake. Usipomkatia, TRA wanaweza kuidai kodi hiyo kutoka kwako wewe mlipaji.

Risiti zinanipa kazi kuliko kitu kingine chochote. Karatasi ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, inafifia. Iache kwenye dashibodi ya gari kwa jua letu la Mwanza na baada ya miezi michache unabaki na kipande cheupe, wakati sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Ipige picha siku hiyo hiyo, maandishi yote yasomeke, kisha itie kwenye bahasha ya kazi husika. Kila kazi na bahasha yake: ya Usagara isichanganywe na ya Igoma. Dukani, taja TIN yako kabla muuzaji hajabonyeza mashine, halafu soma kiasi. Risiti ya milioni mbili kwa nondo ulizonunua milioni tano inakuhesabia faida ambayo hukuipata, na utatozwa kodi kwa faida hiyo.

Mchanga, mawe na kokoto ni mtihani mwingine. Jiji letu limekaa juu ya mawe, na kokoto nyingi zinapondwa kwa mkono na kina mama vilimani, ambao mashine ya EFD hawana. Kazi ya Ukerewe nayo ina boti, na mwenye boti anakuandikia kwenye ukurasa wa daftari la shule. Kwa malipo ya namna hiyo andaa vocha: jina, namba ya NIDA, simu, kilichonunuliwa, tripu ngapi, sahihi au dole gumba, na ulipe kwa simu ili muamala ubaki. Vocha haichukui nafasi ya risiti ya EFD na ofisa anaweza kuikataa, kwa hiyo mzigo mkubwa nunua kwa mwenye machimbo anayetoa risiti, hata akizidisha bei kidogo.

VAT nitaigusa kwa ufupi. Tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo cha kulazimika kujisajili ni Sh 200,000,000 kwa mwaka. Ukishasajiliwa, kwenye ile kazi ya milioni 50 utadai Sh 59,000,000, na zile milioni 9 si zako. Unatoa VAT uliyolipa kwenye saruji na nondo, ukiwa na risiti halali, na kinachobaki unakipeleka kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Zifungulie akaunti ya pembeni. Nimesikitika mara nyingi kuona pesa hizo zikinunua mbao za kazi inayofuata.

Kwa vibarua, daftari la mahudhurio lisainiwe kila siku pale pale saiti, hata kama kurasa zitajaa alama za saruji. Ukifikisha waajiriwa 10 kuna SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi, anayoilipa mwajiri) ya asilimia 3.5, na anayezidi Sh 270,000 kwa mwezi anaingia kwenye PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Bila daftari, mishahara uliyolipa kweli inakuwa maneno matupu mbele ya mkaguzi.

Kuna pesa nyingine watu wanaisahau kabisa: ile sehemu ya malipo inayoshikiliwa mpaka kiishe kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kasoro baada ya kukabidhi jengo. Kwa kuwa haijaingia benki, wanaifuta akilini. Iandike kama deni unalodai, kwenye ukurasa wake, na tarehe ya kipindi kuisha uiandike kwa wino mwekundu. Wiki chache kabla ya tarehe hiyo mtume fundi akaangalie nyufa, milango na bomba zinazovuja, arekebishe, ndipo barua ya madai ipelekwe.