Kaburi la askari wa Keya aliyeuawa Burma

Swali: Mdogo wake babu yetu alijiunga na Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) wakati wa Vita Kuu ya Pili, akapelekwa Burma (Myanmar ya leo) na Batalioni ya 36, na mwishoni mwa 1944 familia ikaletewa barua kwamba ameuawa. Barua inataja namba yake ya jeshi lakini haisemi alizikwa wapi. Tumelitafuta jina lake kwenye intaneti bila mafanikio. Je, kaburi lake linaweza kupatikana?

Jibu: Barua hiyo ina thamani kuliko mnavyodhani, kwa sababu namba ya jeshi ndiyo inayomtambulisha askari pale ambapo jina lake limeandikwa ovyo. Makarani waliyaandika majina ya Waafrika kama masikio yao yalivyoyapokea: Rajabu akawa Lajab, na mwingine akaandikwa jina la baba yake peke yake, lake mwenyewe likaachwa. Kwa hiyo, katika orodha iliyo wazi kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, anzeni na namba, kisha kikosi pamoja na tarehe, na jina liwe la mwisho. Angalieni pia kama tarehe mliyo nayo ni ya kifo au ni ya kuandikwa kwa barua. Mimi ningetafuta hadi miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo.

Mkimpata, someni kwa makini anakumbukwa wapi. Huenda akawa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Rangoon, uliomo ndani ya makaburi ya kijeshi ya Taukkyan, kaskazini mwa Yangon (Rangoon ya zamani), wenye majina yanayokaribia 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Jina kuwa pale halina maana kwamba hakuzikwa. Taukkyan ina makaburi zaidi ya 6,000, mengi yao ya watu waliofukuliwa walikozikwa awali na kuhamishiwa hapo, na zaidi ya 800 hayana jina. Mtu aliyezikwa na wenzake chini ya msalaba au kibao cha mti angeweza kabisa kufika Taukkyan bila jina, ikiwa mvua za msimu mmoja tu zilikifuta kibao hicho.

Hatua ya pili ni kujua batalioni ilikuwa wapi siku aliyouawa. Batalioni ya 36 ilikuwa ya Tanganyika, chini ya Brigedi ya 26 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo kuanzia Agosti 1944 ilisonga kusini katika bonde la Kabaw, kwenye mvua, tope na malaria, hadi mji wa Kalewa uliotekwa mwanzoni mwa Desemba. Kila batalioni iliandika daftari la matukio ya kila siku, na madaftari ya vikosi vya Burma yamehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, chini ya fungu WO 172. Nakala huagizwa kwa malipo. Msitegemee kukuta jina lake humo, kwani mara nyingi maofisa walitajwa kwa majina na askari wakahesabiwa tu. Mnachotafuta ni mahali.

Mahali hapo pameandikwa kwa herufi za mraba wa ramani zikifuatwa na tarakimu sita. Tatu za kwanza hupimwa kuelekea mashariki, tatu za mwisho kuelekea kaskazini, na usahihi wake ni yadi 100, yaani mita 91 hivi. Msiziingize moja kwa moja kwenye ramani ya simu. Ramani za wakati ule zilichorwa kwa vipimo vya India, ambavyo havilingani na vya setilaiti, na kosa lake linaweza kufika mamia ya mita. Tafuteni karatasi ileile ya ramani ya kijeshi, kisha muilinganishe na mto au njia panda ambayo bado ipo.

Baada ya hapo iombeni Tume fomu za uhamisho wa makaburi. Fomu hizo huonyesha mwili ulifukuliwa kwenye nukta gani ya ramani na ukazikwa upya katika mstari upi. Nukta ya askari asiyejulikana wa Afrika Mashariki ikikaribiana na ile ya daftari, mna hoja ya kuanzia, ingawa Tume haitabadilisha jiwe la kaburi mpaka ushahidi uwaondoe askari wengine wote waliouawa hapo bila kaburi linalojulikana. Hapo ndipo madai mengi hukwama, maana shambulio moja liliweza kuua kadhaa siku moja.

Na kama hayumo kabisa kwenye orodha, hilo ni dai jingine, na kwa maoni yangu ni jepesi zaidi: Tume huwakumbuka wanajeshi waliofariki wakiwa kazini kati ya Septemba 3, 1939 na Desemba 31, 1947, na nakala ya barua yenu inathibitisha utumishi na kifo kwa pamoja. Pigeni picha pande zote mbili za karatasi, pamoja na mihuri, kabla ya kuandika. Safari ya kwenda bondeni iahirisheni, kwa kuwa Kabaw iko katika mkoa wa Sagaing, ambako mapigano yamekuwa makali tangu mapinduzi ya 2021.