Moyo baada ya saratani ya titi: nianze vipi mazoezi?

SWALI: Nimemaliza tiba ya doksorubisini (dawa ya kemotherapi), upasuaji na mionzi titi la kushoto. Nimeambiwa mazoezi yatasaidia kulinda moyo. Nianzie wapi, na mkono wa upande uliopasuliwa je?

JIBU: Doksorubisini inaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na mionzi ya kushoto hupita karibu nao, madhara huweza kujitokeza hata miaka mingi baadaye. Kwa hiyo muulize kwanza daktari wako kama unahitaji kipimo cha moyo cha ekokadiogramu (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti).

Akikuruhusu, tembea dakika 10 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Ongeza kidogo kidogo hadi dakika 30, yaani 150 kwa wiki. Kasi inayofaa ni ile unayoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Wengi huharibu hapa: siku wakijisikia vizuri wanajikamua, kesho yake hawainuki. Usitegemee kuhesabu mapigo ya moyo tu, maana baadhi ya dawa za presha huyapunguza.

Mkono usiufiche, kuukalisha bure huukakamaza. Jeraha likishapona, inua nusu kilo mara 10, siku 2 kwa wiki, ukiongeza polepole. Pete ikianza kubana au mkono ukiwa mzito, huenda mkono unavimba: punguza uzito unaoinua na umwone mtaalamu wa fiziotherapia.

Maumivu ya kifua au kizunguzungu: acha papo hapo, nenda hospitali. Miguu ikivimba, au ukikosa pumzi ukilala chali, usingoje tarehe ya kliniki.