Shangazi Anajibu: Majirani hawataki wokovu wangu, nihame?

SWALI: Bwana asifiwe Shangazi. Nimeolewa huku Ugunja, kaunti ya Siaya. Tangu niokoke nimejaribu kuvuta watu wa hii boma kwa Yesu lakini wapi. Kila siku saa kumi na moja asubuhi naweka nyimbo za injili kwa spika, sauti juu kabisa, ndio waamke wakisikia Neno. Chama cha wamama nilitoka juu wakimaliza kuchanga wengine wanapitia kwa busaa. Sasa hata salamu hawanipi, shemeji anasema najifanya malaika, na msichana wangu wa gredi ya pili ameanza matusi yenye anasikia hapo nje. Pasta ananiambia nitoke kati yao. Nimwambie mzee tuhamie Kisumu ama?
Mama Mlokole, Ugunja

JIBU: Amen mama. Kwanza zima hiyo spika. Hata sisi wenye tumeokoka saa kumi na moja tunataka kulala, sembuse mtu ametoka doria ya usiku.

Sasa vile uko Ugunja, kayongo, lile gugu la striga linanyonya mahindi, unaijua kunishinda. Ukiona lile ua la zambarau mahindi imeshaumia, juu ilishika mizizi huko chini kitambo kabla itokee, na mmea mmoja unamwaga mbegu maelfu kwa maelfu zenye zinaweza lala kwa udongo hata miaka 20, kwa hivyo kung'oa na hasira haiishi. Watu wa ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakifundisha wakulima kile kilimo cha vuta-sukuma, unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi na nyasi ya nepia kuzunguka shamba. Mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali fulani, mbegu ya kayongo ikisikia hiyo inamea, halafu haipati kushika mahindi inakufa hapo hapo. Na bado desmodiamu inaongezea udongo naitrojeni, ng'ombe naye anakula. Yaani shamba linafaidika hata kabla uanze kuhesabu kayongo ngapi imekufa.

Angalia basi mahali hiyo desmodiamu inapandwa. Ni ndani ya mahindi, si nyuma ya choo peke yake. Wewe umejing'oa kwa chama halafu unashangaa mbona wamama hawabadiliki! Watakuona wapi ukilipa mchango kwa wakati, ukikataa kusengenya mwenye hayuko, ukibeba maji kwa mwenye amefiwa? Rudi. Wakienda busaa wewe enda nyumbani, hakuna mtu atakufunga kamba. Na pasta mheshimu, hilo neno la kutoka kati yao liko kweli 2 Wakorintho 6, lakini huyo huyo Paulo kwa 1 Wakorintho 5 anaeleza kwamba hakumaanisha tukae mbali na wenye dhambi wa dunia hii, juu hapo ingebidi tutoke duniani kabisa. Mwenye alisema tusikule naye ni yule anajiita ndugu na bado anaishi hivyo. Msomee pasta polepole, na adabu.

Usitarajie haraka pia. Desmodiamu msimu wa kwanza inakaa kama umetupa pesa, ni kitu kidogo inatambaa hapo chini, usipoipalilia vizuri magugu inaimeza. (Mbegu yake nayo si bei ya mchezo, wengi wanaanza na vipande vya shina kutoka kwa jirani, kwa hivyo hata kwa hiyo unahitaji jirani.) Ikishashika inakaa miaka.

Na hapo ndio naona msichana wako. Huyo bado hajashika, usimtume awe shahidi kwa watoto wa nje, mpalilie kwanza. Akitukana usimpige mbele ya watu ukipayuka kuliko yeye, mkalishe umuulize hilo neno amelisikia wapi na linamaanisha nini, utapata hata hajui. Kisha mpe mahali pengine pa kupenda, kwaya ya watoto, mpira, chochote chenye atakimbilia mwenyewe.

Kisumu hameni kama kuna kazi. Kama ni kukimbia majirani, mtaa wa Nyalenda huko Kisumu wako wengi kuliko hao, na ukuta ni mabati.

SWALI: Shangazi, jirani yangu hapa Njoro amepanda mikaratusi kwa mpaka, sukuma yangu haikui. Nimeomba Mungu ayakaushe. Ni vibaya?
Baba Njeri

JIBU: Baba Njeri, wacha kuombea miti ya watu ikauke. Enda umuone jioni, bila mzee wa mtaa kwanza, muongee. Omba mkubaliane uchimbe mtaro upande wako ukate mizizi yenye inaingia, na sukuma usogeze mbali kidogo na hiyo laini. Akikataa kuongea kabisa peleka kwa chifu, hiyo si dhambi.