Panaji ya Goa: nenda kwa sikukuu zake, lakini usingoje Krismasi

Kila ikikaribia Novemba huanza kupokea ujumbe kutoka kwa vijana wetu wanaosoma India, katika miji ya Pune, Mumbai na Bengaluru: "Dada, Krismasi tunataka kwenda Goa, tulale wapi?" Jibu langu halibadiliki. Msiende Krismasi. Nendeni wiki ya kwanza ya Desemba, au kama mvua haiwatishi, nendeni Agosti au Septemba wakati wa sikukuu ya Ganesh, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo. Kuanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya Goa huwa mikononi mwa watalii. Vyumba hupanda bei, barabara za ufuoni huziba magari, na wenyeji hujikalia majumbani na jamaa zao. Umati utauona, sikukuu hutaiona.

Nazungumzia Panaji hasa, mji mkuu wa Goa, jimbo la pwani ya magharibi ya India, ulioketi ukingoni mwa mto Mandovi karibu na pale unapoingia baharini. Nilipokuwa mwanafunzi Pune nilikuwa napanda basi la usiku likizo ikiniruhusu, asubuhi naamkia Panaji. Mtu wa Mombasa hapotei pale. Kuna feri, minazi, mchuzi wa samaki wa tui la nazi, na majengo ya Wareno kila upande. Fort Jesus yetu, iliyoanza kujengwa 1593, ilikuwa ikipokea amri zake kutoka Goa. Hata upepo ni mmoja: kusi linalovuma kwetu ndilo linaloishukia Goa na mvua kubwa kuanzia Juni.

Desemba kwanza. Zipo sikukuu mbili za Kikatoliki zinazokaribiana. Tarehe 3 ni ya Mtakatifu Francis Xavier huko Old Goa, kilomita kama kumi kutoka Panaji, na tarehe 8 ni ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, katika kanisa jeupe lenye ngazi za kupindapinda katikati ya Panaji penyewe. Huyu Xavier si mgeni kwetu. Mwaka 1542 akielekea Goa alitia nanga Malindi, na kile kikanisa kidogo cha Wareno pale Malindi bado kinahusishwa na jina lake. Alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, pwani ya China, na mwili wake umehifadhiwa katika Basilika ya Bom Jesus, Old Goa. Kila baada ya miaka kumi hushushwa na kuonyeshwa hadharani. Mara ya mwisho ilikuwa kuanzia Novemba 2024 hadi Januari 2025, kwa hiyo kwa sasa utaliona jeneza la fedha likiwa juu kabisa, na hilo lisikukatishe tamaa.

Cha kukupeleka ni novena, siku tisa za sala kabla ya sikukuu, inayoanza tarehe 24 Novemba. Misa huanza alfajiri na hufuatana mpaka jioni. Chagua ile ya mapema kabisa ya Kikonkani, lugha ya Wagoa, hata kama huelewi neno, kwa sababu ndiyo wanayohudhuria watu wa vijijini, na kuimba kwao kunatosha. Wapo wanaofika kwa miguu, wametembea usiku kucha. Angalia vizuri waliopanga foleni na mishumaa: wanawake kadhaa wana alama nyekundu katikati ya paji la uso na maua nyweleni. Ni Wahindu. Goa nzima humwita Xavier Goencho Saib, Bwana wa Goa, na watu hawaulizani dini kabla ya kumwomba mtoto apone.

Tarehe 8 ni sherehe ya mji. Kanisa hupambwa taa, na viwanja na mitaa iliyo chini yake hujaa vibanda vya nguo, vyombo, vitu vya watoto, na zaidi ya yote khaje, vijiti vya unga wa dengu vilivyokaangwa na kuviringishwa katika sukari guru na tangawizi. Nunua zikiwa za moto. Utazikuta tena mezani kwa wauzaji wale wale kwenye zatra, maonyesho ya sikukuu za mahekalu ya Kihindu, kwa mfano ya mungu Maruti pale Mala, nyuma ya mtaa wa zamani wa Fontainhas, mwanzoni mwa mwaka. Hao wauza khaje wana kalenda moja yenye watakatifu na miungu, na mimi nilipotaka kujua sikukuu ijayo iko wapi niliwauliza wao.

Ni kwenye ngazi za kanisa hilo nilipokuwa nikiongea na mamangu kwa simu, nikasikia sauti nyuma yangu: "Wewe mtoto wa Mombasa?" Nikageuka, nikamwona mama wa Kigoa mwenye mvi, gauni la maua, rozari mkononi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Miaka mingi sijaamkiwa hivyo." Alizaliwa Nairobi, baba yake akiwa karani wa reli, kama Wagoa wengi wa zama zile. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki kile cha utotoni, kitamu na chenye maneno ya jikoni. Yeye ndiye aliyenifungulia milango ya Chavath, sikukuu ya Ganesh, maana jirani yake wa tangu zamani ni familia ya Kihindu, na mwaka uliofuata walinichukua mpaka nyumba ya ukoo wao katika kijiji kimoja cha Ponda.

Hapa lazima niseme jambo la historia, kwa sababu bila hilo hutaelewa unachokiona. Wareno waliitwaa Goa mwaka 1510 wakakaa mpaka Desemba 1961. Katika karne ya 16 walibomoa mahekalu katika maeneo waliyoyatawala, na watu wakavusha miungu yao mito usiku kuipeleka Ponda, ambako utawala wa Wareno ulikuwa haujafika. Ndiyo maana mahekalu makubwa ya Goa, Mangeshi na Shantadurga yakiwemo, yako bara kule, mbali na pwani. Mahakama ya Kanisa ya kuchunguza imani za watu ilifanya kazi Goa kuanzia 1560 na haikufutwa kabisa mpaka 1812. Mimi ni Mkatoliki, na nasema hili kwa uzito wake: ujirani wa leo umejengwa na watu wenyewe, juu ya jeraha. Ukialikwa sebuleni mwa Mhindu pamoja na jirani yake Mkatoliki, jua kwamba umepewa kitu cha thamani.

Chavath huangukia Agosti au Septemba kufuata mwezi. Sahau picha za Mumbai za sanamu ndefu kama ghorofa. Goa ni sikukuu ya nyumbani. Ukoo mzima, kutoka popote walipo, hurudi kwenye nyumba ya mababu. Sanamu ya Ganesh ni ya udongo, na juu yake hutundikwa matoli, fremu ya mbao inayofungiwa matunda na mimea ya msituni: vichala vya popoo, nazi, ndizi, mabalungi, maboga, na matunda mwitu ambayo watoto wa mjini hawayajui majina. Mwombe mzee wa nyumba akuonyeshe moja moja. Hakuna atakayekataa, na utajifunza msitu wa Goa ukiwa umeketi kwenye mkeka. Jioni ndugu hukusanyika wakaimba kwa ghumot, ngoma ya chungu cha udongo yenye mdomo uliowambwa ngozi. Ngoma hiyo hiyo huisikia kwenye arusi za Wakatoliki ikisindikiza nyimbo za mando.

Chakula ndicho kilichonishika. Siku hizo hakuna samaki wala nyama, na nyumba nyingine haziweki hata kitunguu. Kuna patoleo, unga wa mchele uliopakwa kwenye jani la mmea wa bizari ya manjano, ukatiwa nazi na sukari guru, ukakunjwa na kupikwa kwa mvuke. Harufu ya lile jani ikikufikia utaelewa kwa nini watu wanasafiri usiku kucha kurudi kwao. Wakatoliki nao hupika patoleo zao tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, mvua ikiwa bado inanyesha na majani yakiwa mabichi. Nevri, zinazofanana na sambusa za nusu mwezi zenye nazi ndani, hukaangwa Chavath na hukaangwa tena Krismasi katika nyumba za Wakristo. Sahani huvuka ua pande zote mbili. Yule mama wa Nairobi alikuwa na bakuli la jirani yake kabatini, akilisubiri lirudi na kitu ndani.

Familia nyingine hukaa na Ganesh siku moja na nusu, nyingine tano, saba au zaidi, kisha humpeleka kwenye mto, kisima au bahari. Ukikosa kualikwa nyumbani, simama ukingoni mwa maji jioni ya siku ya pili. Nendeni mmevaa viatu vya maji na koti la mvua. Na hifadhini chakula kidogo chumbani, kwa kuwa maduka na mikahawa mingi hufunga siku hizo.

Nyingine nazitaja haraka. Karnivali, kabla ya Kwaresima, huanza Jumamosi mjini Panaji kwa maandamano ya magari yaliyopambwa na Mfalme Momo akiamuru watu wale na wanywe. Inapendeza, ila kwangu imekuwa ya matangazo ya biashara mno. Shigmo inaishinda kwa mbali: ni sikukuu ya Kihindu ya majira ya kuchipua, karibu na Holi, ile sikukuu ya kurushiana rangi, na vijiji huleta Panaji ngoma zao, wanaume wakicheza ghode modni wakiwa wamevaa farasi wa mbao viunoni. Kama mfuko unaruhusu moja kati ya hizo mbili, chukua Shigmo. Tarehe 24 Juni ni São João, yaani Mtakatifu Yohane Mbatizaji, vijana wakivaa mataji ya maua na kuruka visimani. Inafaa zaidi kuitazama Siolim, ambako mitumbwi hupambwa. Jumamosi ya nne ya Agosti kuna Bonderam, sikukuu ya bendera, katika kisiwa cha Divar, na feri ya kuvuka kwa miguu ni bure. Usiku wa kuamkia Diwali vijana wa kila mtaa huburuta sanamu za jitu Narkasur mpaka alfajiri, kisha huzichoma, na nyumba zote hufungua siku kwa pepeta za aina aina, za maziwa, za nazi, za mtindi.

Ipo pia sikukuu ya Bikira Maria wa Miujiza huko Mapusa, Jumatatu majuma machache baada ya Pasaka. Kwa mapokeo ya wenyeji, huyo ni dada wa mungu wa kike Lairai wa Shirgao. Kanisa na hekalu hupelekeana mafuta na maua ya yasmini. Mapusa nenda bila wasiwasi. Zatra ya Lairai yenyewe, ambako watu hupita juu ya makaa usiku, ina njia nyembamba na umati mkubwa mno. Mei 2025 watu wasiopungua sita walifariki pale kwa kukanyagana. Ukienda, kaa pembeni na ondoka mapema. Watoto usiwapeleke.

Sasa adabu. Hekaluni na kanisani funika mabega na magoti, wanaume pia. Hekaluni viatu hubaki nje. Ukiambiwa mwisho wako ni hapa, kaa hapo hapo uani bila kubishana. Prasad, yaani chakula kilichobarikiwa, pokea kwa mkono wa kulia. Wasomaji wangu Waislamu huniuliza watafanyaje: semeni tu kwa upole kwamba dini yenu haiwaruhusu, mtakaribishwa matunda na chai barazani, na sijaona mwenye nyumba aliyenuna. Piga picha za watu baada ya kuomba, na wakati wa maombi weka simu mfukoni kabisa. Ukiaga sema "Dev borem korum", ndiyo asante yao, Wahindu kwa Wakristo. Usiende mikono mitupu kwenye nyumba ya watu, matunda yanatosha.

Na sisi tulio weusi tuambiane ukweli. Watu watakutazama, wengine watakuomba picha. Nyumba moja ya wageni ilinikatalia chumba niliponyoosha pasipoti, ingawa nilikuwa nimeweka nafasi. Tangu hapo hupiga simu mapema, najitambulisha natoka Kenya, nasubiri wakubali kwa maandishi. Nakala ya pasipoti na viza tembea nayo. Fontainhas na Mala nimelala kwa amani katika nyumba za familia, na humo ndimo mialiko inamotokea.

Anayetoka Kenya moja kwa moja abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku kumi kabla ya kufika. Beba noti ndogo za rupia, kwa sababu wenyeji hulipa kwa simu na wauzaji wa vibandani mara nyingi hawana chenji. Kama unatoka Mumbai kwa treni, shuka stesheni ya Karmali, karibu kabisa na Old Goa. Tiketi za treni hufunguliwa siku 60 kabla, na za Chavath zinaisha upesi, maana kila mtu wa pwani ile anayefanya kazi Mumbai anarudi kwao. Weka tarehe kwenye simu yako leo.