Usifiche jina lako la ukoo

Kijana mmoja wa Kakamega ameniandikia. Ameomba kazi hapa Nakuru tena na tena, haitwi popote, na sasa anauliza kama aondoe jina la ukoo kwenye wasifu wake abaki na yale ya ubatizo. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikashindwa.

Mimi nashona sare za shule. Nilipohama kutoka Kisumu nilipata chumba karibu na soko, kina umeme na mlango wa chuma. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, tulipatana kodi kwenye simu vizuri kabisa, akawa ananiita "binti yangu". Nikaenda na hela mkononi. Akaomba kitambulisho aandike risiti, akakisoma, akakigeuza. "Kwani nyinyi ni watu wa wapi?" Nikamwambia. Papo hapo chumba kikawa kimeshachukuliwa na mpwa wake.

Mpwa huyo sijamwona mpaka leo. Muhula mzima nilipita pale nikakuta kufuli ileile na vumbi mlangoni. Mama aliona heri akose kodi kuliko apokee yangu! Watu husema ukabila unamuumiza mgeni. Hasara ya mwenyeji hakuna anayeipigia hesabu.

Nilipangisha Kaptembwa, kwa mzee ambaye swali lake lilikuwa moja: utalipa tarehe ngapi? Miaka ya katikati nairuka, ilikuwa madeni na vitambaa. Januari hii tumepata oda kubwa kuliko zote, na aliyeileta ni Mkalenjin ninayeshona naye, kutoka kwao Njoro. Mimi Njoro nisingejua hata pa kubisha hodi. Kibao cha duka kina majina yangu yote, la ukoo likiwa kubwa zaidi. Ndiyo, naringa.

Sasa nisikilizeni. Mji huu mwanzoni mwa 2008 uwanja wake wa maonyesho ulijaa wakimbizi wa ndani. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu waliouawa nchini: 1,133. Wenye mapanga hawakutoka mbinguni. Ni majirani waliokuwa wamezoea kuchagua: nyumba kwa mtu wetu, kazi kwa mtu wetu, kura kwa mtu wetu. Na sisi wa kando ya ziwa tusijitie utakatifu; Kisumu maduka ya Wakikuyu yaliporwa na kuchomwa, na kuna waliokuwa wakishangilia. Anayemnyima mpangaji chumba leo asijidai hajui njia hiyo inaelekea wapi.

Kijana wangu, andika majina yote. Ukilificha leo, siku ya mahojiano utatoa kitambulisho na litasomwa. Andika yote, nasema. Kama ni kazi ya kaunti, sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasiotoka jamii iliyo kubwa katika kaunti ile. Hiyo ni haki yako, usiiombe kama msaada. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa kabila, na hakiibani serikali peke yake. Hata yule mama wa chumba kinamhusu. Weka nakala ya kila barua na tarehe uliyoipeleka. Ukiona umebaguliwa, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa inapokea malalamiko. Mimi wakati ule sikwenda, nilikuwa natafuta mahali pa kuweka vyerehani.