Kilo Zilizopotea Ghalani na Mstari Niliousingizia

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Nachingwea aliniandikia kwamba programu yake ya duka leo hukosea hesabu na kesho husema kweli, naye amekesha mara tatu akisoma msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu, mstari kwa mstari. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa nami nilikesha hivyo hivyo hapa Masasi msimu mmoja wa korosho, nilipokiandikia chama cha msingi programu ya kupokea mizigo ya wakulima.

Baadhi ya stakabadhi zilitoka na kilo pungufu. Katibu aliniambia mbele ya wakulima, "Kijana, kompyuta yako inapunja kuliko mizani," na neno hilo linaniuma hadi leo. Niliapa kwamba kosa limo katika mstari wa kukata uzito wa gunia. Nikauandika upya mara nne, bila mafanikio.

Ndipo nilipogeukia takwimu. Nilipitisha upya stakabadhi 200, ambazo 20 kati yake zilikuwa na kosa, huku programu ikiweka kumbukumbu ya kila mstari ilioutekeleza. Kisha, ili kila mstari upate alama ya kushukiwa, nikatumia kanuni ya Ochiai, Mjapani aliyeitoa mwaka 1957 akichunguza mtawanyiko wa samaki (hata hesabu hii, basi, imetoka baharini). Unahesabu stakabadhi zenye kosa zilizopita katika mstari; kisha unazidisha idadi ya stakabadhi zote zenye kosa kwa idadi ya zote zilizopita hapo, nzima na mbovu, na kugawanya ile hesabu ya kwanza kwa kipeuo cha pili cha jibu hilo. Kadiri alama inavyokaribia 1, ndivyo mstari unavyoshukiwa zaidi. Mstari wa gunia, uliopitiwa na zote 200, ulipata 0.32 tu. Mstari wa mkulima anayeleta mzigo wa pili siku ile ile ulipitiwa na 25, zikiwemo zote 20 zenye kosa, ukapata 0.89. Kumbe mzigo wa pili ukiwa wa daraja lile lile la ubora ulifuta kilo za ule wa kwanza. Zile tano zilizosalimika zilikuwa za madaraja mawili tofauti.

Kwa hiyo, ndugu yangu, tunza kumbukumbu za siku njema pamoja na za siku mbaya, kwani bila zile njema kila mstari utaonekana mwizi. Alama kubwa nayo si hukumu: mistari inayotekelezwa pamoja daima hupata alama zinazolingana, na hapo ni lazima usome mwenyewe. Acheni kiburi cha kudai mnaijua programu kwa sababu mliiandika. Mimi niliijua yangu, nikausingizia mstari usio na hatia.

Katibu nilimpelekea stakabadhi 20 zilizosahihishwa. Alizihesabu zote upya kwa kalamu kabla ya kugonga muhuri.