Maswali ya wasomaji: Wayo usio na tao

SWALI: Binti yangu ana miaka 4. Akikanyaga saruji na miguu ikiwa imelowa, wayo wote unachapika, hana lile pindo la katikati. Muuza viatu mmoja ameniambia nimnunulie buti za kunyoosha miguu kabla mifupa haijakomaa. Ni ghali. Zinasaidia?
Mama wa mtoto, Tanga

JIBU: Mama, hizo fedha zina kazi nyingine. Kwa umri huo wayo bapa ni jambo la kawaida. Chini ya wayo wa mtoto kuna mafuta yanayoficha tao, yaani lile pindo la katikati, na nyuzi zinazofunga mifupa bado zimelegea. Tao hujitokeza polepole, kwa wengi kufikia miaka 6 hadi 10. Buti za aina hiyo ziliwahi kupimwa Marekani kwa miaka 3, watoto waliovishwa wakilinganishwa na wasiovishwa chochote, na matokeo yakatolewa mwaka 1989: nyayo za makundi yote zilijijenga, buti hazikuongeza kitu.

Tena viatu vya mapema huenda ndivyo vinavyochelewesha. India, mwaka 1992, watoto 2,300 walichunguzwa: wayo bapa ulionekana kwa asilimia 8.6 ya waliozoea viatu, na asilimia 2.8 tu ya waliotembea peku. Mwache acheze peku pale uani, mradi hapana misumari wala vigae vya chupa.

Alama ya maji haitoshi kuamulia. Fanya hivi: mwambie achuchumie kama anayetaka kufikia kitu juu ya kabati, nawe kaa nyuma yake, macho usawa wa visigino. Tao likijitokeza na visigino vikageukia ndani, wayo ni mlaini na hauhitaji tiba. Mpeleke kwa daktari wa mifupa iwapo wayo unabaki bapa hata akichuchumia, unauma, umebadilika mguu mmoja tu, au mtoto anaomba kubebwa wakati wenzake bado wanacheza. Wayo mgumu unaouma, hasa kati ya miaka 8 na 15, mara nyingi ni mifupa miwili ya wayo iliyoungana tangu tumboni. Hilo huonekana kwa picha, si kwa kupapasa.

SWALI: Nina miaka 52, nauza chakula, nasimama kutwa. Tangu mwaka jana mguu wa kushoto umeanza kulala ndani, na nyuma ya jicho la mguu, upande wa ndani, pamevimba na panauma. Nimekandwa mara nyingi bila nafuu.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Dada, wayo uliokuwa na tao kisha ukalala ni habari tofauti kabisa na ya yule mtoto. Nyuma ya hilo jicho la mguu inapita kano inayoshikilia tao. Ikichoka huvimba, kisha hurefuka, na tao hukosa mhimili. Huwapata zaidi wanawake waliopita miaka 40, na unene, kisukari na shinikizo la damu huongeza hatari. Kapime sukari wiki hii.

Jipime pia. Shika ukuta kwa vidole tu, simama kwa mguu mmoja, inua kisigino. Mguu usio na tatizo utainuka mara kadhaa; wenye kano mbovu hugoma au huuma pale pale palipovimba. Kisha mtu akutazame kwa nyuma ukiwa umesimama wima. Kwa kawaida huonekana kidole kimoja au viwili upande wa nje. Vikionekana vitatu au vinne, wayo umegeuka.

Acha kukandwa kwa nguvu, kano iliyochubuka haihitaji kusuguliwa. Sindano ya kutuliza uvimbe ndani ya kano hiyo nayo ikatae, inaweza kuidhoofisha hadi ikakatika. Nenda kliniki ya mifupa sasa, wakati wayo bado unanyooka kwa mkono. Kwa hatua hii tiba ni kuupumzisha mguu kwa plasta ngumu au buti maalumu, mara nyingi wiki 4 hadi 6, kisha soli ya ndani yenye tao na mazoezi. Ukisubiri hadi wayo ukakamae, mazungumzo yanakuwa ya upasuaji. Kwa sasa pika ukiwa umekaa kila inapowezekana, na ndala ziishie bafuni.

SWALI: Nanunua raba za mitumba. Mwenye nyayo bapa zinazochoka jioni achague vipi?
Kijana, Morogoro

JIBU: Iweke raba mezani, itazame kwa nyuma. Ikiwa imelalia upande, iache, mvaaji wa kwanza ameshaikunja na itakulaza vilevile. Bana sehemu ya kisigino kwa vidole viwili, isibonyee. Ikunje: ipinde penye vidole, si katikati. Ishike mbele na nyuma, uisokote kama unakamua nguo. Ikisokoteka kirahisi haikufai.

Soli ya ndani ya dukani inatosha kwa wengi. Ivae kwa muda wa saa 1 siku ya kwanza, uongeze saa moja kila siku. Tao lake likikuchoma baada ya wiki mbili, ni refu mno kwako. Ya kupimiwa hutengenezwa na mafundi wa viungo bandia, kama wale wanaosomea TATCOT, chuo cha mafundi hao kilicho hospitali ya KCMC, Moshi. Kuichomeka kwenye ndala ni kujidanganya, kisigino hakishikwi na kitu.

SWALI: Nakimbia, nyayo zangu ni bapa tangu utotoni, haziumi. Mazoezi yatanipa tao?
Mkimbiaji, Eldoret

JIBU: Kwa mtu mzima umbo la mifupa halibadiliki kwa mazoezi. Nguvu ndiyo huongezeka, na kama hakuna maumivu, huna ugonjwa wa kutibu. Ukitaka kujikinga, anza na misuli ya shavu la mguu, maana ikikaza huvuta kisigino juu na tao hulipia gharama. Simama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, sekunde 30, mara 3 kila mguu. Kosa la wengi ni kuuacha wayo ugeukie nje: hapo kinachonyooshwa ni tao lenyewe. Elekeza vidole mbele kabisa.

Kisha kaa kitini, wayo sakafuni, uvute shina la kidole gumba kuelekea kisigino bila kukunja vidole. Shikilia sekunde 5, mara 10. Siku za mwanzo vidole vitakunjika tu; mguu wenyewe utajifunza baada ya wiki moja au mbili.